Bia ya Bavaria Kwenye Vichupa vya Pilipili

Jumapili, mwisho wa Agosti 2021. Doonside, Sydney.

Jua lipo, lakini ni la kuangalia tu. Upepo umeangusha nguo zangu zote kutoka kwenye kamba, na tangu saa mbili asubuhi helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa yetu kutafuta waliokusanyika kuzidi wawili, maana tumefungiwa kwa ajili ya korona. Nimeamka nimenuna. Nimekunywa chai nimenuna. Nimekwenda kuchokonolewa pua, maana sisi tunaohudumia wazee lazima tupimwe kila baada ya siku chache, na yule kijana mwenye kijiti aliponiuliza siku yangu ikoje nilimjibu nzuri, huku nimenuna ndani ya barakoa.

Leo naandika kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na yale yanayoniumbua.

Jambo lenyewe ni Mama Aline. Naogopa tunampoteza. Hajafa wala hajalazwa, ila tangu Juni, kaka yake alipofariki kwao Bukavu, amejifungia ndani zaidi ya vile serikali ilivyotufungia. Mazishi aliyaangalia kwenye simu, picha ikiganda kila baada ya dakika mbili. Aline, binti yake wa pekee, yuko Perth, na Perth hawataki kumwona mtu wa Sydney hata kwa dawa. Kwa wiki tisa mapazia ya Mama Aline hayajafunguliwa. Ukipiga simu hapokei, anatuma alama ya mikono iliyokunjwa kuomba, basi. Kazini kwake, kwenye jiko la hospitali kule Westmead, ameomba likizo bila kusema lini atarudi.

Sasa mtu wa namna hiyo unamrudishaje kwa watu? Sisi tuliamua kumrudisha kwa bia.

Anayesoma hapa kwa mara ya kwanza asicheke kabla sijaeleza. Mama Aline si mlevi. Alikuwa mwonjaji. Kwa miaka kumi na saba alifanya kazi maabara ya kiwanda cha bia huko kwao, na kila siku saa nne kamili asubuhi, akiwa hajala kitu chenye viungo, alikaa kwenye chumba cheupe na glasi sita mbele yake, akasema ipi iende sokoni na ipi imwagwe. Bosi wake wa zamani alikuwa amesomea mambo hayo Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na kila alipofurahi aliwasimulia: watawa waliopika bia nzito ya kunywa wakati wa mfungo, vijiji ambavyo watu hunywea bustanini juu ya mapango ya kuhifadhia mapipa, mji unaoitwa Bamberg ambako bia inanukia moshi. Mama Aline akayabeba masimulizi hayo hadi kambi ya wakimbizi, na kutoka huko hadi hapa. Nilipomfahamu, kwenye foleni ya kufanyia mtihani wa udereva, kitu cha tatu alichoniambia baada ya jina lake na jina la binti yake kilikuwa Bamberg.

Kikundi chetu kilianza hivyo. Tuko wanne. Kuna yeye, kuna mimi, Mchaga wa Kibosho ninayefanya kazi nyumba ya wazee. Kuna Baba Didier, Mkongo wa Uvira anayeendesha mashine za kunyanyulia mizigo kwenye ghala, mtu ambaye hawezi kwenda dukani bila ratiba. Na kuna Njoroge wa Nakuru, dereva wa lori, ambaye anapenda bia lakini hapendi kuambiwa kitu juu yake. Jumamosi moja kila mwezi Mama Aline alitufundisha kuonja. Nusa kwanza. Angalia povu. Usimeze kama unakimbizwa. Kwa miaka miwili tulipanga kwenda Bavaria wenyewe, tuonje kila kitu kuanzia bia nzito za Kwaresima mpaka zile za sherehe kubwa ya Munich mwezi wa Septemba, na tikiti tulikata za mwaka 2020.

Mwaka 2020! Tuliuchagua wenyewe, kati ya miaka yote.

Mwezi uliopita Baba Didier akatoa wazo. Kama hatuwezi kwenda Bavaria, Bavaria ije Doonside. Tuagize bia zile zile mtandaoni, kila mmoja aonje nyumbani kwake huku tunaonana kwa simu ya video, yeye atatuonyesha picha za viwanda na kutupeleka kituo kwa kituo. Na Mama Aline ndiye atakayetuongoza kuonja, kwa hiyo itabidi afungue pazia, avae, aseme neno. Nilimwambia Baba Didier kwamba kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu amewaza kitu cha maana. Mimi nikajitolea kushughulikia bia.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Duka lilituma chupa moja moja ya kila aina. Nusu lita. Kulikuwa na bia ya watawa ya Kwaresima, nyeusi na nzito, bia ya ngano yenye ukungu, bia ya mapangoni na ile ya rangi ya shaba wanayoipika Machi ili inywewe vuli. Ya tano, ile ya moshi ya Bamberg, wakaandika kwamba itachelewa. Chupa nne, watu wanne, nyumba nne tofauti, na sheria haituruhusu kukaa pamoja. Mtu mwenye akili angeagiza nyingine. Mimi nilifanya kama ninavyofanya kazini.

Kazini kwetu kila kitu hugawanywa. Dawa za Bwana wa chumba namba tisa zinawekwa kwenye kikopo chake, jina, siku, saa, kifuniko. Uji wa Bibi asiyeweza kutafuna, kikopo, jina, kifuniko. Nimegawa vikopo kwa miaka minane na sijawahi kukosea hata kimoja, na nakiri kwamba najivunia. Sasa nyumbani nilikuwa na vichupa vya plastiki nilivyonunua Cabramatta kabla ya kufungiwa, kwenye duka la vyombo la Wavietnamu, nilipokuwa na ndoto ya kutengeneza pilipili ya kuuza. Vipya kabisa, havijawahi kuona pilipili. Vina kifuniko cha njano. Ijumaa asubuhi nikavichemsha, nikavikausha, nikafungua chupa zote nne mfululizo pale jikoni, nikagawa. Vichupa kumi na sita. Kila kimoja nikakibandika karatasi: jina la mtu, jina la bia, kituo cha ngapi. Mwandiko wangu mzuri kabisa.

Upendo, binti yangu, alipita kuchukua maziwa kwenye friji akasimama.

“Mum. That looks like wee.”

Nilimwambia kwa Kiswahili aende akasome. Lakini nilipovitazama tena, hasa vile vya bia ya ngano, na vifuniko vya njano, na majina ya watu juu yake, nilikiri moyoni kwamba pale mezani palifanana na maabara ya mkojo. Sikujali. Wazo langu lilikuwa zuri, na muda ulikuwa umekwisha.

Ijumaa hiyo hiyo nikazunguka kwa miguu na kwa gari, ndani ya kilomita tano tunazoruhusiwa, nikiacha mifuko milangoni na kurudi nyuma kama mwizi aliyetubu. Kwa Mama Aline niligonga, nikaweka mfuko, nikasimama kwenye lango. Pazia likasogea kidogo. Nikapunga mkono. Pazia likarudi. Nilikwenda zangu nikiwa na furaha ya kijinga, nikijisemea kwamba kesho saa kumi jioni nitaonana na rafiki yangu.

Basi jana. Saa kumi kamili Baba Didier alikuwa ameshavaa kofia ya kijani ya boksi, aliyoikata mwenyewe, yenye unyoya ambao nina uhakika ni wa kuku. Nyuma yake alitundika picha ya milima. Alikuwa na hotuba. Njoroge akaingia dakika kumi baadaye akiwa amelala kwenye kochi.

“Aki Mama Upendo, zangu nilimaliza jana,” akasema. “Si ulileta sample? Hiyo ya ngano ni noma. Uko na ingine?”

Nilikuwa naangalia kona ya chini ya kioo, mahali palipoandikwa kwamba mtu wa nne anaunganishwa. Na akatokea. Mama Aline alikuwa amevaa kitenge chake cha bluu, amejifunga kilemba, hata midomo ameipaka. Amekonda. Lakini amekuja! Baba Didier akasahau hotuba, Njoroge akakaa wima, na mimi nikajifanya natafuta kitu chini ya meza ili nifute macho.

Vichupa vyake vinne alivipanga mbele yake kwa mstari, vifuniko vimefungwa.

Baba Didier akatupeleka kwenye nyumba ya watawa. Akaeleza mambo ya mfungo, na jinsi watawa walivyosema kwamba kinywaji si chakula. Akasema, “Mama Aline, tuongoze.” Yeye akakichukua kichupa cha kwanza, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza. Nilisubiri aseme chochote juu ya rangi. Akakirudisha mezani.

“Muendelee,” akasema. “Mimi nimeshiba.”

Tukaenda kituo cha pili. Ameshiba. Cha tatu, kichwa kinamuuma kidogo. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaanza kumbembeleza. Nikamwambia anywe hata tone. Nikamwambia nimehangaika, nimevichemsha vile vichupa, nimevigawa mwenyewe, kila kitu ni safi. Nilirudia neno safi mara nyingi. Nilisema, na hapa natamani ningekatikiwa umeme, kwamba tumefanya yote haya kwa ajili yake, kwa hiyo si vizuri kukataa.

Aliniangalia. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitia hofu. Alisema, “Asante sana, Mama Upendo,” kwa sauti ya mtu anayemshukuru karani, na kioo chake kikawa cheusi. Dakika tano baadaye simu ikatuambia kwamba ametoka kwenye grupu.

Nilimaliza vichupa vyangu vyote vinne peke yangu kwa hasira. Vyote vilikuwa vimedoda. Gesi yote imekwisha. Mwonjaji wa miaka kumi na saba nilimpelekea maji ya kuoshea sufuria.

Nikadhani hilo ndilo kosa. Au ile rangi, na vifuniko. Saa kumi na mbili nikampigia Baba Didier kumwambia kwamba rafiki zetu wengine wamekuwa watu wa kudeka mno, kwamba watu wanakufa duniani na mtu ananuna kwa sababu ya kichupa. Nilisema sana. Aliniacha nimalize.

“Mama Upendo,” akasema mwishowe. “Sikia. Ile bia, wakati unaifungua, nani alikuwaka pale?”

Nikamwambia hakukuwa na mtu. Nilikuwa jikoni kwangu.

“Voilà.”

“Voilà nini?”

“Kwetu, batu bakikuletea bia yenye imeshafunguliwa, hauinywe. Bakufungulie mbele ya macho. Na mwenye kukupa anakunywa kwanza. Ni vile. Si eti tunakushuku wewe, hapana, hapana kabisa. Mais c'est comme ça.”

Nikamuuliza kama yeye alikunywa vyake. Akakohoa. Nikamwambia nilimwona kwa macho yangu akinywa. Akasema alimimina bia yake ya dukani kwenye glasi, ya hapa hapa, kwa heshima yangu. Vichupa vyangu viko kwenye friji, havijaguswa. Kofia ya boksi, unyoya wa kuku, hotuba ya watawa, na bia yangu hakuionja!

Halafu akanieleza lililobaki. Kaka yake Mama Aline, Bertin, alikwenda msibani kwa jirani siku ya Jumatano, akapewa bia, akanywa. Ijumaa akashikwa na kifua. Jumanne akafa. Daktari akasema ni huu ugonjwa ulioko kila mahali. Nusu ya ukoo inasema alipewa sumu. Wanataja hata jina la aliyempa ile chupa, mtu aliyekula kwao utotoni. Mpaka leo ukoo huo haujakaa mkeka mmoja.

“Na wewe ulijua?” nikamuuliza.

“Batu bote banajua.”

“Mbona hukuniambia?”

“Hiyo si maneno ya kuongea mu simu.”

Alikuwa ananiambia kwenye simu! Nilikata. Sijawahi kumkatia mtu simu tangu nifike nchi hii, hata wale wanaouza umeme.

Nikakaa jikoni na vile vichupa vitupu. Nilitaka kuendelea kumkasirikia Baba Didier, ilikuwa rahisi na yenye raha yake. Lakini kitu kingine kilikuja na hakikunipa nafasi. Mimi ni mtoto wa nyumba ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mama yangu aliipika, na kila mgeni alipokuja, mama alichota kwenye kata, akanywa yeye kwanza, akafuta mdomo, ndipo akampa mgeni kwa mikono miwili. Nilikuwa mdogo, nikidhani mama ana kiu. Nilipokua nikaambiwa maana yake, na hadi nikaifanya mwenyewe siku ya posa ya dada yangu. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua. Miaka minane ya vikopo na majina imenifundisha kwamba kumpa mtu kitu salama ni kukifunga kifuniko na kuandika jina lake, na nikasahau kabisa kwamba usalama unaonyeshwa kwa mdomo wako mwenyewe.

Nimejiudhi kuliko Baba Didier alivyoniudhi, na Baba Didier ameniudhi sana.

Leo baada ya kupimwa pua nimerudi nyumbani nikakuta boksi dogo mlangoni. Ya tano. Ile ya moshi. Imefungwa na kizibo chake, imebandikwa karatasi ya Kijerumani, nzima nzima. Nimevaa viatu vya mazoezi, maana mazoezi tunaruhusiwa, nikaiweka chupa kwenye mfuko wa kitambaa na nikatembea dakika kumi na mbili hadi kwa Mama Aline. Kwenye kona wanajeshi wawili na polisi mmoja walikuwa wakigonga milango kuhakikisha watu wamo ndani. Nilitembea kwa bidii sana, nikirusha mikono kama mtu anayepunguza unene, na chupa ikinipiga pajani.

Kwake sikuingia. Nilisimama njiani, upande wa nje wa ukuta wake mfupi wa matofali. Nikaiweka chupa juu ya ukuta, kizibo kionekane kutoka dirishani. Nikamwandikia: Mama Aline, nisamehe. Niko nje. Imefungwa.

Alama ya kuomba ikaja. Mlango haukufunguka.

Nikangoja. Upepo ulikuwa unapeperusha maua ya njano ya mti wa jirani na yote yaliamua kuingia kwenye macho yangu. Nikaandika tena: Nataka kuifungua mbele yako. Ndipo nikapapasa mfuko na kugundua kwamba sikubeba opena. Nimetembea nimebeba chupa, pole, na maneno niliyoyapanga njia nzima, na sina kitu cha kufungulia. Nikamwandikia hivyo hivyo, nimesahau opena, kwa sababu sikuwa na ujanja mwingine uliobaki.

Mlango ukafunguka.

Alitoka na barakoa, kandambili, sweta la Aline lenye jina la shule, na mkononi opena na glasi mbili zake mwenyewe. Alisimama upande wake wa ukuta, mbali kama inavyotakiwa. Hakunisalimia. Alichukua chupa, akakikagua kizibo pembeni pote kwa kidole, polepole, akakipitisha karibu na jicho. Akairudisha juu ya ukuta, akaweka glasi na opena, akarudi nyuma hatua mbili.

Nikafungua. Ikalia vizuri. Nikamimina glasi ya kwanza, nikamimina ya pili, nikashusha barakoa, nikanywa ya kwanza.

Nitasema ukweli. Ni mbaya. Ni kama kunywa samaki wa kukausha. Nilimeza kwa heshima ya Ujerumani.

Nilidhani sasa atachukua yake. Hakuchukua. Alikuwa ananitazama usoni, si kwa ukali, ila hakuondoa macho.

“Kunywa tena,” akasema.

Nikanywa tena. Akaendelea kunitazama, na mimi nikaanza kuuliza kwa nini hachukui glasi yake, mdomo ukafunguka, kisha nikaelewa na nikaufunga.

Alikuwa anangoja kuona kama nitaanguka.

Iliniuma. Sitaandika kwamba haikuniuma. Miaka sita ya kulea watoto pamoja, kulia pamoja, kusindikizana kwenye ofisi za uhamiaji, na rafiki yangu anasimama hatua mbili kutoka kwangu akihesabu pumzi zangu. Hasira ya jana ilinirudia. Nilikuwa na maneno tayari. Lakini alikuwa ameivuta mikono yake ndani ya mikono ya lile sweta, na nikajua kwamba kama ningesema hata neno moja angegeuka na kuingia ndani na lile pazia lisingefunguka tena kwa ajili yangu.

Kwa hiyo nilisimama. Sikufanya kitu kingine. Nilisimama kwenye upepo nikiwa mzima, mbele yake, ili aone. Mwanamke mmoja akapita na mbwa. Helikopta ikapita. Nikapata kiu ya maji nikavumilia. Ilikuwa kama robo saa, labda zaidi.

“Miye siamini ile maneno ya batu,” akasema, akiangalia glasi. “Nilitumika labo. Bertin alikufa na ugonjwa, najua. Kichwa inajua. Mkono ndio inakataa. Jana nilikuwa nakishika kile kichupa chako, mkono inakataa.”

Nikamwambia nimeelewa. Nikamwambia nisamehe, dada. Akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akashusha barakoa, akainua glasi, akainusa. Akanusa tena, macho yamefungwa. Akanywa kidogo, akaizungusha mdomoni, akameza bila haraka.

“Kimea walikikausha na moto ya kuni,” akasema. “Kuni nzuri. Imesafiri vibaya kidogo, lakini ni yenyewe.”

Halafu akaanza kulia, amesimama wima, glasi mkononi. Mimi siruhusiwi kuvuka ukuta na sikuvuka, na sijui kama nilifanya vizuri. Nilibaki pale pale. Alipomaliza akafuta uso kwa sweta na kuniambia, kwa sauti yake ya zamani ya Jumamosi, kwamba bia iliyomiminwa jana yake haiwezi kuitwa bia, na kwamba mtu mzima aliyefundishwa naye miaka miwili hana udhuru wowote. Alinisema vizuri sana. Nilitamani aendelee.

Nilipomuuliza kama nimwambie Baba Didier amrudishe kwenye grupu, akasema bado. Nikamuuliza kama Jumamosi tuagize nyingine, kila mtu chupa yake iliyofungwa, akasema hajui. Akachukua glasi zake akaingia. Pazia lilibaki kama lilivyokuwa.

Kwa hiyo sijui kama nimeshinda. Baba Didier ameshatuma ratiba mpya yenye nyimbo za milimani, na Njoroge anauliza kama kuna mtu hajamaliza vichupa vyake. Sina nguvu ya kuwajibu.

Kesho nina zamu ya asubuhi na vikopo vyangu. Ila Jumapili ijayo nitavaa tena viatu vya mazoezi, nitasimama kwenye ukuta ule, nitakunywa wa kwanza, na nitakaa mzima kwa muda wowote atakaotaka kuniangalia.